Ekseli ya Mbele ni ya Ndung'u

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua stoli yangu ya mapazia mapema. Wateja wa kuuliza tu. Mmoja alitaka pazia la dirisha ambalo hakulipima. "Ni kama hivi," ananionyesha kwa mikono. Nimemrudisha kwake akapime. Sikati kitambaa cha mtu kwa mikono iliyotanuliwa hewani.

Ndung'u amepiga simu tangu asubuhi. Sikushika. Najua anachotaka ndugu yangu. Anataka nikubali tuimarishe ekseli za zamani za gari letu, ya mbele na ya nyuma. Tutie shafti, zile fimbo za ndani zinazozungusha magurudumu, za chuma kigumu zaidi, tuchomelee vyuma vya kuzipa nguvu, tuziache palepale zilipo. Mimi nataka tuzitoe zote mbili, tutie za gari zito zaidi. Tunabishana tangu Januari, siku shafti ya nyuma ilipokatika katikati ya mto, njiani kwenda Kinangop, Mama akiwa ndani. Wanaume wanne walimtoa majini akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Gari likarudi Nairobi likivutwa na brekidauni. Mama akarudi kwangu Uthiru, kwenye nyumba ya kupanga anayoichukia.

Gari aliliacha Baba. Aliliacha kwetu sote wawili. Lilikuwa kosa lake la mwisho.

Jumatano, 5 Machi

Mama hakula mchana. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga anakaa kwenye kile kiti karibu na dirisha, na dirisha langu linatazama ukuta wa jirani. Leo amesema: "Nimechoka kuangalia ukuta wa mwanaume nisiyemjua."

Anataka kwenda kwake Kinangop kabla ya mvua. Mbegu zake za viazi ziko stoo, zimeanza kuchipua, na hataki vibarua wapande bila yeye kuwasimamia. Mwaka juzi walimpandia ovyo, hajawasamehe. Daktari ameruhusu aende, mradi kuna gari la kumleta kliniki. Sasa gari gani? Gari dogo haliwezi ile njia hata wakati wa jua, linaburuza tumbo kwenye mawe ya mtoni. Pikipiki amekatazwa. Mvua ikianza, udongo wa kule unashika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Ni fobaifo, gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, au hakuna.

Niliwahi kusema tukodi gari la mtu. Nilisema mara moja. Ndung'u akaruka: "Mama wa watu wako na gari aende na ya kukodi? Watu wa nyumbani watatuonaje?" Nikanyamaza, kwa sababu hata mimi sikutaka watu wa nyumbani watuone.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshinda Dagoretti, uani kwa Ndung'u, nyuma ya mahema na viti vyake vya kukodisha. Gari liko juu ya mawe. Nimevuta kamba kutoka gurudumu hadi gurudumu nikamwonyesha: ekseli ya nyuma imepinda. Haihitaji macho ya fundi. Bomba la ekseli lililopinda litatafuna kila shafti utakayotia, hata iwe ya chuma cha meli.

Anasema itanyooshwa. Anasema ukitia ekseli ya gari zito lazima ubadilishe na springi, na breki, na propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye magurudumu. "Hiyo si kutengeneza tena, Nyokabi. Hiyo ni kununua gari ingine kidogo kidogo."

Hapo ana hoja. Sikumwambia.

Kisha akaanza ya Baba. Baba alifungua hii ekseli kwa mikono yake. Baba alimfundisha kuweka beringi wakiwa wamelala chini ya hili gari. Nikamwambia Baba amekufa na Mama yuko hai, achague. Nilisema kwa sauti. Watu wa buchari ya jirani waligeuka. Ndung'u ana miaka arobaini na tatu na bado akikasirika pua inamtoka maji. Nimeondoka bila kuaga.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe la Baba lina milango minne na haliendi popote.

Jumapili, 9 Machi

Mama amemwita Mjomba Karanja atuamue. Ni kaka yake mdogo, amekata nyama Dagoretti maisha yake yote. Amekuja baada ya kanisa na mbuzi mzima, ameshachunwa. Ndung'u akaja pia. Tukakaa mbali.

Tulisema hoja zetu. Mjomba alikuwa anapasua mbuzi mezani huku anasikiliza, au hasikilizi. Mwisho akainua kisu, akasema hajui ekseli na hataki kujua. Lakini anajua kugawa. "Mbuzi ikichinjwa, kila mtu ana sehemu yake. Huyu mbavu, huyu kichwa, huyu mguu. Akishapewa yake anapika vile anataka. Umewahi kuona watu wakipigana juu ya mbuzi imegawanywa vizuri?" Akaninyooshea kisu mimi. Nyuma ni yako, badilisha. Akamgeukia Ndung'u. Mbele ni yako, imarisha. Na mtu asiingize mkono kwenye sufuria ya mwenzake.

Wote tulifurahi. Nakiri, na mimi nilifurahi. Kwetu ndivyo mambo yanavyomalizwa, kila mtu anaondoka na kipande chake na hakuna aliyeshindwa. Ndung'u alinipitishia chumvi. Mama aliuliza swali moja tu, gari litakuwa tayari lini. Tukajibu kwa pamoja: wiki mbili.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefunga stoli mchana nikaenda Ngara. Jua kali, wachuuzi wamejaa mpaka barabarani. Nimezunguka maduka ya vipuri hadi miguu ikavimba. Kila mtu ana ekseli, hakuna mwenye ekseli ninayoitaka.

Mwishowe nimeipata kwa mzee mmoja wa Mombasa, yuko ndani kabisa ya uchochoro. Amefunga Ramadhani, midomo mikavu, hana nguvu za kubembeleza mteja. Ekseli nzuri. Nene, imenyooka, kifuko cha difu, zile gia za katikati ya ekseli, kama kichwa cha ng'ombe. Nimeipima kwa kamba na kwa futi yangu ya mapazia. Alikuwa nazo mbili, ya mbele na ya nyuma, za gari moja.

"Hizi zilikuja pamoja, dada. Wewe wachukua hii, hii nyengine nimuuzie nani?"

Nikamwambia ya mbele si yangu. Akanitazama kama mtu aliyenunua kiatu kimoja. Nikajua ni biashara tu, anataka niondoke nazo zote mbili. Na mimi ni mfanyabiashara, najua ujanja huo, hata mimi huwaambia watu pazia haliuzwi bila vizuizi vyake vya kulishikia pembeni. Nimechukua ya nyuma.

Nimeringa njia nzima hadi nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Gari limevutwa hadi Ngara kwa fundi wangu. Ekseli ya Baba imeshushwa. Nilidhani nitasikia kitu. Sikusikia kitu, niliona tu mafuta meusi yanamwagika kwenye karai na nikakumbuka nimesahau dawa za Mama.

Fundi anasema viti vya springi lazima vichomelewe upya. Mipira ya breki haitoshi, ni mifupi. Propela ni ndefu mno. Yote aliyoyasema Ndung'u. Nimemwambia afanye.

Jumanne, 18 Machi

Upande wangu umekwisha. Nimeliendesha mwenyewe kutoka Ngara hadi Dagoretti. Limekwenda kama ndoto, halitoi hata mlio. Nimepiga honi bila sababu.

Kasoro mbili. Magurudumu ya nyuma yamechomoza nje kuliko ya mbele. Na nati za nyuma ni sita, za mbele ni tano, kwa hiyo tairi la akiba sasa linaingia upande mmoja tu. Fundi alinionyesha hilo akiwa anacheka. Mimi sikucheka. Nikasema tutabeba mawili.

Nimeliacha getini kwa Ndung'u, nikampa mkewe funguo. Sikuingia. Sikumwuliza atafanya nini mbele, naye hakutoka kuniuliza nimefanya nini nyuma. Tulikubaliana hivyo. Tunaheshimiana kama mabalozi wa nchi mbili, ni kichekesho, lakini angalau hatupigani.

Mama anauliza kila jioni. Namwambia Ndung'u ndiye amebaki. Kuna raha fulani katika kusema hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mawingu upande wa Ngong. Yamepita. Nimeota mvua.

Mama amempigia jirani wa kule nyumbani, ameambiwa watu wameshaanza kulima. Alikaa na simu mkononi muda mrefu baada ya kukata. Nampenda mama yangu na siwezi kuvumilia kumwona hivyo. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jumamosi, 22 Machi

Limekwisha! Ndung'u ameleta gari hadi Uthiru. Ametia shafti ngumu mbele, amechomelea ekseli chuma cha kuipa mgongo. Kazi safi, lazima niseme. Nimelala chini ya gari na gauni langu la dukani nikaikagua. Sikupata pa kulaumu, nikakasirika kidogo.

Tumeenda nalo hadi Kikuyu na kurudi kwa lami. Yeye usukani, mimi pembeni. Limenyooka, limetulia. Alinionyesha jinsi linavyokata kona. Nikamwambia ya nyuma ndiyo inasukuma. Tulicheka, mara ya kwanza tangu Januari. Amenunua mahindi ya kuchoma, akanipa kubwa.

Mama ameanza kufungasha. Vikapu viwili mlangoni. Tumemwambia Jumanne. Kesho tunajaribu fobaifo kwenye mlima, basi.

Jumapili, 23 Machi

Siwezi kuandika vizuri, kalamu inatoboa karatasi.

Tulienda kwenye ile barabara ya changarawe inayopanda, nje ya Dagoretti. Kavu, ngumu. Ndung'u akasimama chini, akavuta kirungu cha fobaifo, ikaingia. Tukapanda. Mwanzo sawa. Halafu gari likaanza kunguruma, likawa linarukaruka kama punda anayekataa mzigo, usukani mzito. Nikamwambia atoe fobaifo. Kirungu kimekwama. Akavuta kwa mikono miwili. Nikamwambia asimame. Akasema akifika juu kitalegea. Nikapiga kelele. Akaongeza moto.

Mlio mmoja. Kama mtu amevunja gogo ndani ya sanduku la bati.

Tulishuka tukachungulia. Mafuta yanamwagika. Ekseli yangu nzima. Ekseli yake nzima. Hazina hata mkwaruzo. Kilichopasuka ni gia boksi ndogo iliyo katikati, ile inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma.

Akasema ni ile ekseli yangu ya kuokota Ngara. Nikasema ni chuma chake alichochomelea kama geti. Tulisema na mengine ambayo sitayaandika. Mtu alipita na mbuzi wake wawili akatuamkia, hakuna aliyemjibu.

Jumatatu, 24 Machi

Sikufungua stoli. Nimeenda Dagoretti asubuhi, nilitaka ushahidi kwamba yeye ndiye mkosa. Naye alikuwa anautafuta wake, nimemkuta ameshapiga jeki pande zote mbili, amefungua propela zote.

Tukazungusha ya nyuma kwa mkono, tukitazama alama ya chaki kwenye magurudumu. Tukazungusha ya mbele. Tukarudia. Hazilingani. Propela ya nyuma inazunguka mara nyingi zaidi kabla magurudumu hayajamaliza duara moja. Ekseli yangu ni ya gari zito, difu yake imetengenezwa kwenda polepole na kwa nguvu. Yake ni ileile ya Baba, ya kukimbia. Kwa lami ilikuwa nyuma peke yake inayovuta, kwa hiyo hakuna aliyejua. Tulipoziunganisha, mbele ikataka kukimbia, nyuma ikataka kutembea, na cha katikati kikapasuka.

Mtoto wa darasa la nne angeuliza. Nyuma inazunguka mara ngapi, mbele mara ngapi. Swali moja. Tungeimarisha zote mbili au tungebadilisha zote mbili, lolote lingefaa. Lake lingefaa, langu lingefaa. Tuligawana gari kama mbuzi. Mbuzi aliyegawanywa amekufa, hahitaji kutembea tena. Hilo Mjomba hakulifikiria, na sisi tulioendesha magari tangu ujana hatukulifikiria pia, kwa sababu lilitupendeza.

Mimi, ninayemfukuza mteja kwa kutopima dirisha.

Ndung'u alikaa chini, mgongo kwenye tairi. Nikadhani ataomba msamaha na mimi ningeomba wangu. Badala yake akasema: "Kama ungeniuliza." Nikasema: "Kama ungeniuliza wewe." Tukaanza tena.

Kumwambia Mama kulikuwa kwangu, kwa sababu analala kwangu. Nimemwambia kifaa kidogo kimeharibika, siku chache tu. Aliinua kikapu kimoja kutoka mlangoni, akakisogeza kando ili nipite.

Jumanne, 25 Machi

Imenyesha. Usiku na asubuhi yote. Katikati ya jiji maji yalifika kwenye vizingiti, nimekunja mikeka ya stoli. Hakuna mteja. Nilisimama mlangoni nikaitukana mvua kwa Kikuyu na kwa Kiswahili.

Ndung'u ametuma ujumbe: anatafuta gia boksi. Nikamjibu na mimi natafuta. Kisha akauliza, tukiipata, tubadilishe ekseli ya mbele ifanane na yangu au turudishe ya nyuma ifanane na yake? Sijamjibu. Najua jibu langu. Analijua pia. Mungu wangu, tumerudi Januari.

Alhamisi, 27 Machi

Mama ameenda.

Nilitoka kazini nikapitia Ngara, nikakosa gia boksi, nikafika nyumbani nimelowa. Mlango umefungwa. Funguo kwa jirani. Ndani kitanda kimetandikwa, vikapu havipo, fimbo haipo. Nikarudi mbio kwa jirani. Jirani akasema mzee mmoja alimchukua kwa teksi, mwanaume wa kofia. Nikajua ni Mjomba Karanja na kofia yake.

Nikampigia simu. Alijibu bila wasiwasi wowote. Kuna malori yanaleta ng'ombe machinjioni Dagoretti na kurudi Kinangop tupu. Mama alimpigia jana akamwuliza kama kuna dereva anayemjua. Kwisha. "Nilimpandisha na stuli mpaka mbele kwa dereva. Amefika mchana. Lori ilivuka mto kama hakuna mto."

Nikamwuliza mbona hakutuambia. Akasema aliuliza kama atuambie. Mama akakataa. "Alisema muko na kazi mingi na gari."

Nimekaa kitandani kwake. Ninaona aibu. Mama yetu ameshuka kwenye lori la ng'ombe mbele ya majirani wote, na si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba ilikuwa rahisi. Alipiga simu moja. Wiki nzima, mwezi mzima, lori lilikuwa linapita na sisi tunabishana nani anampenda kwa chuma gani.

Nilimpigia Ndung'u. Nilipomaliza kumweleza, nikasikia ile pua yake. Safari hii sikumcheka.

Jumapili, 30 Machi

Jua kidogo baada ya mvua. Sikwenda kanisani. Ndung'u amekuja peke yake. Tumekaa mezani. Hatukuzungumza habari za ekseli. Alirekebisha bawaba ya kabati langu ambayo imelegea tangu mwaka jana, sikumwomba.

Mchana Mama akapiga simu. Ndung'u alikuwa nje anakata kipande cha mbao. Sauti ya Mama ilikuwa juu, nyuma yake kuku na watu wanaongea. Viazi vimeingia ardhini vyote. Alikaa shambani kwenye kiti akawasimamia mstari kwa mstari. Nyonga inauma jioni tu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo.

Nikamwambia tunashughulikia gari, kliniki ijayo tutamfuata. Akasema hakuna haja. Lori linashuka kila wiki, ameshaongea na dereva, ni kijana mzuri, anaendesha polepole. "Nyinyi tengenezeni gari yenu tu. Msiharakishe."

Gari yenu.

Nikasema sawa, Mama. Akasema nimsalimie ndugu yangu. Akakata, kuna mtu alikuwa anamwita.

Ndung'u akaingia na vumbi la mbao mikononi. Akauliza ni Mama? Amesema nini? Nikamwambia amesema viazi vimeingia vyote, na anakusalimia. Akatabasamu, akarudi nje. Lile lingine sikumwambia.